Zawadi ya Krismasi na Mkono Unaoitoa

 

Somo letu la leo latoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 2, mstari wa 11. Wengi wenu mnalijua tangu shule ya Jumapili. Mamajusi wamefika Bethlehemu baada ya safari ndefu, nao wanatoa zawadi zao. Lakini twaomba mwangalie jambo dogo ambalo kila mwaka twalipita haraka. Mathayo anasema kwamba waliingia ndani ya nyumba. Hawakumwita mtoto atolewe nje aje kupokea. Tena dhahabu, uvumba na manemane si vitu ambavyo mtoto mchanga aweza kuvishika. Lazima mtu mzima alizipokea kwa niaba yake, na mtu mzima ambaye Mathayo anamtaja pale ni Mariamu, mama yake.

Kwa nuru ya jambo hilo dogo tunataka leo kusimulia historia ya kazi moja ambayo wengi wenu mmeifanya au mmefanyiwa. Ni kazi ya watu wa kujitolea ambao kila Desemba huwapelekea zawadi za Krismasi watoto wa nyumba zenye shida. Tutaanzia Nyakoe, tutatoka kidogo kwenda mbali, kisha tutarudi.

Nyakoe ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo mjini Kisii kwenda Oyugis na Kisumu, katika nchi ya Kitutu. Siku hizi ni jina la wadi pia, katika jimbo la Kitutu Chache Kusini. Mtu akipita hapo katika juma la mwisho kabla ya Krismasi ataona magari yamejaa watu watokao Nairobi na Nakuru, mikungu ya ndizi imesimamishwa kando ya barabara, kuku wamefungwa miguu, na nguo za mitumba zimetundikwa tangu asubuhi hata giza liingie. Mama anachagua gauni la msichana wake kwa kulipima kwa macho tu, maana msichana mwenyewe ameachwa nyumbani asije akajua mapema.

Kwa mtoto wa Gusii, kama kwa watoto wengi wa Kenya, Krismasi ni nguo mpya. Chapati ipo, nyama ipo kwa wenye nayo, lakini nguo ndiyo inayoonekana. Siku ya tarehe 25 watoto hutembea njiani makundi makundi kwenda kanisani, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Na hapo ndipo penye uchungu. Mtoto asiye na nguo hatakwenda. Ukimwuliza mama yake baadaye atakuambia mtoto alikuwa na homa. Tumeisikia homa hiyo mara nyingi, nayo huwapata watoto wa nyumba zile zile mwaka hata mwaka. Si jambo dogo, ndugu, mtoto kukosa kufika kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake Yeye aliyelazwa katika hori la ng'ombe, eti kwa sababu ya shati.

Sasa, watu wa Gusii walisaidianaje kabla ya kuwapo Krismasi? Mtaalamu mmoja, Philip Mayer, aliandika mwaka 1951 juu ya desturi iitwayo risaga. Nyumba zilizo jirani zilikuwa chama kimoja cha kazi. Mtu akizidiwa na palizi au na mavuno aliwaita, nao walipaswa kuja, awe ni tajiri au maskini. Kulikuwa pia na egesangio, kikundi kidogo zaidi cha watu wanaolimiana kwa zamu. Hatutaki kuipamba desturi hiyo kupita kiasi. Risaga ilikwenda na pombe, na walevi walikuwapo, na wazee wetu wa kanisa walikuwa na sababu zao za kuikemea. Lakini angalieni mpango wake. Yule aliyesaidiwa alikuwa ndiye mwenyeji. Watu walikuja shambani kwake, yeye akawaandalia, nao wakaondoka wakiwa wageni wake walioshiba. Hakuna aliyemwita maskini siku hiyo.

Halafu wakaja wageni wa namna nyingine. Katika mwaka 1905, na tena mwaka 1908, majeshi ya serikali ya Kiingereza yalipigana na Wagusii na kuchukua maelfu ya ng'ombe wao. Mwanzo wa 1908 ndipo kijana Otenyo alipomchoma mkuki ofisa Northcote, na nchi ikachomwa moto kwa ajili hiyo. Twataja habari hizi kwa sababu mara nyingi historia za misheni huanza kana kwamba watu walikuwa wameketi wakingojea zawadi. Kwa kweli mkono wa kwanza wa mgeni walioujua ulikuwa mkono wa kuchukua.

Wamisionari walifika nyuma yake. Waadventista, wakiongozwa na Carscallen, Mkanada, pamoja na Peter Nyambo aliyetoka nchi ambayo leo ni Malawi, walifungua Gendia karibu na Ziwa Viktoria mwaka 1906, na baada ya miaka michache wenzao wakapanda hata Nyanchwa, kilima kilicho karibu na mji wa Kisii. Kazi ilikuwa changa sana wakati Vita Kuu ilipoanza. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka, na tarehe 12 mwezi huo pakawa na mapigano Kisii penyewe. Wazungu walikuwa wameondoka, nao wenyeji wakazivamia ofisi za serikali na nyumba za misheni wakabeba vilivyokuwamo. Wamisionari waliporudi walikuta kuta tupu. Wengine husimulia tukio hilo kama ushenzi mtupu. Sisi twaona kwamba watu walionyang'anywa ng'ombe miaka 6 tu kabla ya hapo hawakuwa na sababu kubwa ya kutofautisha kati ya nyumba ya ofisa na nyumba ya mhubiri.

Kazi ikaanza upya. Makanisa mengine yakaja. Walutheri kutoka Uswidi walianza Itierio mwaka 1948. Pamoja na mahubiri, shule na dawa, yalikuja masanduku. Katika Ulaya na Marekani akina mama wa makanisani walikuwa wakikutana kushona nguo kwa ajili ya misheni, wakizipakia na kuzituma kwa meli. Miongoni mwa Waadventista vikundi hivyo huitwa Dorkasi, na cha kwanza kilianza Battle Creek, Michigan, mwaka 1874, kikisaidia kwanza jamaa maskini wa mji ule ule. Jina limetoka katika Matendo 9, kwa yule mwanamke wa Yafa aliyewashonea wajane. Mpaka leo akina mama wa Dorkasi wapo katika makanisa ya Gusii, na hata sisi tusio wa kanisa hilo twapaswa kuwapa heshima yao, kwa kuwa wamefanya kazi hii bila kelele.

Someni tena habari ya Dorkasi mtakapofika nyumbani. Petro alipoingia katika kile chumba cha juu, wajane walikuwa wakilia, wakamwonyesha kanzu na mavazi. Luka hasemi kwamba Dorkasi alituma nguo kwa wajane. Anasema kwamba alizitengeneza alipokuwa pamoja nao. Mshonaji aliyewajua kwa mabega yao, huyu mwembamba, huyu mrefu, hakuhitaji kukisia kipimo. Sanduku la kutoka ng'ambo halina budi kukisia.

Hata katika Ulaya wenyewe walijifunza jambo hili polepole. Tuna masimulizi ya kale ya Nikolao, askofu wa Mira katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi katika karne ya 4. Sisi Waprotestanti hatuna desturi ya kuwaombea siku watakatifu, lakini simulizi hilo tunaweza kulisikiliza. Husemwa kwamba mzee mmoja alifilisika akashindwa kuwaoza binti zake watatu, nao walikuwa hatarini kuuzwa katika uasherati. Nikolao alipita usiku akatupa dhahabu dirishani, akaenda zake. Iwe ilitokea hivyo au haikutokea, msimulizi alijua alilotaka kusema: fedha iliingia usiku ili asubuhi baba aweze kusimama mwenyewe na kuwaoza binti zake kama baba wengine. Kutokana na huyu Nikolao, baada ya mizunguko mingi, tumempata yule mzee wa ndevu nyeupe anayesimama madukani Nairobi akiitwa Baba Krismasi.

Hapa mtuwie radhi kwa neno la pembeni. Mgusii hawezi kulisikia jina hilo bila kutabasamu. Katika Ekegusii, baba ndilo neno mtoto analomwitia mama yake. Baba mzazi ni tata. Basi kwa mtoto wa Nyakoe, Baba Krismasi ni Mama Krismasi, na huenda mtoto huyo amelielewa jambo kuliko wenye maduka.

Yuko mwingine ambaye twapenda kumtaja, Mlutheri wa Ujerumani aitwaye Johann Hinrich Wichern. Mwaka 1833 alifungua karibu na Hamburg makao ya watoto waliotupwa mitaani. Hakuwaweka wote katika bweni moja kubwa kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Aliwagawa katika nyumba ndogo ndogo, kila nyumba na mlezi wake, ili mtoto awe na mlango anaoweza kuuita kwao. Watoto hao walikuwa wakimsumbua kila siku kuuliza Krismasi imebaki siku ngapi. Mwaka 1839 alitundika gurudumu la mkokoteni, akasimamisha juu yake mishumaa, mikubwa 4 kwa Jumapili za Majilio na midogo kwa siku za katikati, wakawa wanawasha mmoja mmoja na kuhesabu wenyewe. Shada la Majilio mnaloliona leo makanisani limetoka katika gurudumu hilo. Ilikuwa zawadi ya watoto maskini kwa makanisa ya ulimwengu, ingawa wachache wanalijua hilo.

Na Jeshi la Wokovu, ambalo limekuwa Kenya tangu mwaka 1921, lilianza desturi yake ya chungu cha Krismasi huko San Francisco mwaka 1891, wakati Joseph McFee alipotaka kuwalisha maskini wa mji siku ya Krismasi na hakuwa na fedha. Aliweka chungu mahali watu wanaposhukia chombo, kila mpita njia akatia alichonacho.

Turudi Gusii. Ili kuelewa kwa nini nyumba nyingine zilikosa hata shati la Krismasi, lazima tuitaje kahawa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewazuia Waafrika kuipanda, na ilipoanza kulegeza katika miaka ya 1930, Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuruhusiwa, pamoja na Meru na Embu. Baada ya hapo kahawa ndiyo iliyolipa karo, ikaezeka mabati, na ikanunua nguo za Desemba. Baridi kali iliyoiharibu kahawa ya Brazil mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ulimwenguni kote, na wazee bado wanaikumbuka Krismasi ya 1976 na ya 1977. Lakini mwezi Julai 1989 mapatano ya nchi za kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Shamba lililokuwa limegawanywa kwa wana watano halikuweza tena kuwavika watoto wa wana hao. Kisha ukaja UKIMWI, ambao serikali ya Kenya ilitangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999. Hapo tukaanza kuona katika kila kijiji nyumba ambayo mama wa nyumba ni magokoro, yaani bibi, mwenye wajukuu wanne au watano na jembe moja.

Katika miaka hiyo hiyo mashirika ya Kikristo ya kuwasaidia watoto yalikuwa yamekwisha kuenea nchini. Christian Children's Fund lilianza Kenya mwaka 1960, World Vision mwaka 1974, Compassion mwaka 1980. Mtu wa mbali anamtegemeza mtoto mmoja, anamwandikia barua, na Krismasi anamtumia kitu. Na mwaka 1990 huko Wrexham, Wales, Dave Cooke na mkewe Jill waliguswa na picha za mayatima wa Romania, wakakusanya zawadi kwa majirani na kuzipeleka kwa malori. Kazi hiyo, tangu 1993 ikiwa chini ya shirika la Samaritan's Purse, ndiyo ya yale masanduku ya viatu yaliyojazwa sabuni, kalamu, mpira na mwanasesere. Yamekwisha kugawanywa zaidi ya milioni 200, na Kenya ni moja ya nchi zinazoyapokea. Juu ya kila sanduku huandikwa kama ni la mvulana au msichana, na umri wake: miaka 2 hadi 4, 5 hadi 9, 10 hadi 14.

Twasema wazi kwamba hatumo miongoni mwa wanaoyadharau masanduku hayo. Mtoto ambaye hajapata kumiliki kitu chake mwenyewe, akifungua sanduku na kukuta kalamu 12 za rangi, furaha yake ni ya kweli, wala haituhusu sisi watu wazima kuipima. Na aliyeyajaza ni mtu wa kujitolea kama sisi, pengine mjane wa mshahara mdogo aliyenunua mswaki mmoja mmoja. Kutoa ni moyo, wala si utajiri.

Shida twaiona mahali pengine, katika ile hatua ya mwisho kati ya gari na mtoto. Mara nyingi watoto hupangwa mstari uwanjani, majina yakasomwa kwa kipaza sauti, mmoja mmoja akaja mbele. Mama zao husimama kando, nyuma ya uzio. Mtoto anarudi nyumbani na sanduku, na mama yake anamwuliza umepewa nini, kama mtu wa nje. Kisha hupigwa picha. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto hazijatumiwa, na tunafurahi kwamba bunge limekumbuka jambo ambalo kanisa lilipaswa kuwa la kwanza kulikumbuka. Musa alikwisha kulisema. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, anamwagiza mwenye kudai rehani asiingie katika nyumba ya maskini kuichukua, bali asimame nje, maskini mwenyewe amletee. Hata mdaiwa ana mlango wake, na Mungu anaulinda mlango huo. Basi si zaidi mlango wa yule asiyedaiwa chochote?

Tena tusidhani kwamba zawadi husafiri upande mmoja tu. Huko Tabaka wachongaji wa mawe ya Kisii wamekuwa wakichonga Mariamu, Yusufu, mtoto na mamajusi, na sanamu hizo huuzwa ng'ambo kwa ajili ya Krismasi. Kuna meza nyingi katika Ulaya na Marekani ambazo hori la Bethlehemu lililo juu yake lilichimbwa Gusii. Anayepokea hapo hapangwi mstari.

Sasa tufike mwaka 2007, maana Krismasi ile haitasahauliwa. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 27 Desemba, siku 2 baada ya sikukuu. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Wagusii wengi waliokuwa wakiishi Bonde la Ufa, kuanzia mpakani Sotik hata Kericho na Eldoret, walirudi nyumbani na nguo zilizokuwa mwilini. Wengine hawakuwa na kwao tena, walizaliwa huko. Zilikuwako kambi, lakini sehemu kubwa waliingia katika nyumba za jamaa, nyumba ambazo zenyewe hazikuwa na nafasi. Nyumba iliyopokea kilo 2 za sukari kwa watoto wake tarehe 24 Desemba ilikuwa, juma la pili la Januari, inawalisha watoto 9.

Tangu hapo hatuwezi kusoma Mathayo 2 bila kuona mistari inayofuata. Mamajusi wakiisha kuondoka tu, Yusufu anaonywa katika ndoto, naye anamchukua mtoto na mama yake usiku kwenda Misri. Maandiko hayasemi ile dhahabu ilitumiwaje. Lakini ilikuwa mkononi mwa wazazi walipokuwa wakikimbia, na mzazi ndiye anayejua kama usiku wa leo panahitajika mkate au nauli.

Basi katika kazi hii tunayoifanya sisi wa kujitolea, desturi yetu ni hii. Orodha huandikwa Oktoba, nayo huandikwa na akina mama, kwa maana wao hukutana kisimani na sokoni na wanajua ni nani anayenunua mafuta ya kupikia kwa kipimo cha kijiko. Orodha haisomwi kanisani. Wala haibandikwi ukutani. Huulizwa umri wa kila mtoto, kipimo chake cha nguo, na darasa atakaloingia Januari, kwa sababu tangu karo ya shule za msingi ilipoondolewa Januari 2003, kinachomrudisha mtoto nyumbani ni sare na daftari, na hivyo vyaweza kununuliwa Desemba. Kila nyumba hupewa watu wawili wa kwenda, sio kumi. Watu kumi ni maandamano.

Huenda jioni, mzigo ukiwa ndani ya mfuko wa kawaida kama mtu atokaye sokoni. Wakifika hupiga hodi na kungoja. Wakikaribishwa huketi. Mfuko huwekwa kando ya mama, au magokoro, au tata kama yupo, bila hotuba. Watoto huambiwa waende kuchota maji au kufungia ng'ombe, maana la sivyo wataona. Kisha hutolewa chai, au uji wa wimbi, na wageni hunywa.

Hapo kwenye chai vijana wetu hukosea. Wanaona haya kunywa chai ya nyumba isiyo na sukari, nao husimama wakisema wana haraka. Mama mmoja mzee aliwaambia vijana wawili wa kwetu, huku akiwa ameushika mlango, kwamba kama nyumba yake haifai kunywewa uji, basi mfuko wao pia haufai kuachwa humo. Wakaketi. Wakanywa vikombe viwili viwili. Huyo alikuwa amekulia katika siku za risaga, naye alijua mwenyeji ni nani.

Asubuhi ya Krismasi mama huyo anafungua mfuko mwenyewe. Anamwita mtoto wa kwanza, anampa shati, anamvuta kola, anamgeuza. Mtoto hajui kwamba palikuja watu. Anajua kwamba baba, yaani mama yake, amemnunulia nguo ya Krismasi, na hivyo ndivyo atakavyowaambia wenzake njiani. Wengine wametuuliza kama huo si udanganyifu. Twawajibu kwa habari ya Boazi, katika kitabu cha Ruthu, sura ya 2, aliyewaagiza vijana wake waangushe masuke kwa makusudi na wasimkemee yule mwanamke Mmoabu. Jioni Ruthu alipima efa ya shayiri, akaibeba mjini, akamwonyesha mkwewe kazi ya mikono yake. Boazi hakumfuata nyuma kueleza. Ruthu aliinama shambani tangu asubuhi, na mama wa Nyakoe ameinama mwaka mzima.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka huu pia orodha itaanza kuandikwa Oktoba. Mtu aliye na mashine ya kushona na siku mbili za nafasi anahitajika kuliko mwenye gari. Walio na nguo za watoto wao zilizobana wazifue, wazipige pasi na kurudisha vifungo kabla ya kuzileta. Na wanaotaka kwenda nyumbani kwa watu waje na viatu vya matope, kwa kuwa njia zinazoshuka kutoka barabarani Nyakoe huteleza sana mvua za Desemba zikikawia, na mahali pengine panavukwa kwa gogo.